Nuhun Tienta na Gobori la Mtani Wake

Bakayna alimsalimu Nuhun kwa salamu ndefu, kama ilivyo desturi, na ni salamu hiyo hiyo iliyomfichua.

Asubuhi ile Nuhun Tienta alikuwa ufukoni mwa Ziwa Debo, akipaka udongo mweupe kwenye mkeka chakavu. Alikuwa amepata baruti mpya na alitaka kuijaribu: mkeka ungesimamishwa kwenye miti, bata angechorwa kwa mkaa katikati, kisha Nuhun angerudi nyuma na kuupiga ili aone marisau, zile punje za risasi, yanakaaje. Bakayna, mvuvi mwenzake, akatokea kwenye matete, nguo zimelowa mpaka kifuani.

"Umeamkaje, kaka?"

"Salama."

"Wa nyumbani?"

"Wazima."

"Kumba na mguu wake?"

"Anaendelea."

"Mama mkwe? Mbuzi? Nyavu? Mtumbwi wako uliokuwa unavuja?"

Nuhun alijibu, akajibu, halafu mkono wenye udongo ukasimama hewani. Hapakuwa na mtu kijijini Bembena aliyemsalimu Nuhun bila kumwulizia mdogo wake, Lasina. Ndugu wale wawili walikuwa wakiulizwa pamoja, kama mtu anavyoulizia macho yako.

"Bakayna," akasema, "umemruka mtu."

Bakayna akatazama maji. "Kaka, weka mkeka chini kwanza."

"Yuko wapi?"

"Tumemleta. Yuko mtumbwini. Tumemfunika."

Gobori lilikuwa limepasukia usoni mwake. Mtutu ulifunguka kama bamia iliyokauka, na chuma kikamkuta Lasina shavuni na shingoni. Hakuongea tena. Alizikwa siku ile ile baada ya swala ya alasiri, na Nuhun ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, kwa sababu baba hawakuwa naye. Baba yao alimezwa na ziwa Lasina akiwa bado anatambaa. Tangu siku hiyo Nuhun ndiye aliyekuwa baba: alimtafunia samaki na kumtolea miiba, akampeleka kwa mwalimu wa Kurani, akamwozesha. Mwishowe alimfundisha kazi ya bunduki, kazi ambayo wengi wa kabila lao, Wabozo, hawaishiki, kwa kuwa mkono wao ni wa wavu.

Na katika kazi hiyo Nuhun hakuwa na mfano. Wakati wa baridi, bata wadogo wa kigeni waliposhuka Debo hadi maji yakawa meusi, imamu alimtuma yeye awatafutie watu kitoweo cha sadaka. Wengine walijaza baruti kwa kiganja. Nuhun alikuwa na kipimo chake, ncha ya pembe ya swala aliyoikata na kuisugua, na alipima baruti kama mwanamke anavyopima chumvi.

"Baruti nyingi ni kelele," alizoea kumwambia Lasina. "Marisau yanatawanyika, katikati panabaki tundu kama mlango. Bata anapita hapo anakuaga."

"Kipimo kimoja kwa kimoja, basi?"

"Kimoja kwa kimoja kwa bata aliye karibu. Akiwa mbali, punguza baruti kidogo, ongeza marisau kidogo. Usishindane na bata kwa mlio."

Juu ya baruti aliweka kizibo kinene cha sufi, akakishindilia. Juu ya marisau aliweka kizibo chembamba cha karatasi ya mfuko wa saruji, akakishindilia tena kwa mdeki, ile fimbo ya chuma, mpaka mdeki wenyewe uruke na kulia mkononi. Mdeki ukiruka, kila kitu kimekaa mahali pake na hakuna nafasi kati ya baruti na mzigo wake. Ukizama bila kuruka, hapo umeshika mauti.

Mtutu uliomwua Lasina ulitengenezwa na Antandu.

Antandu alikuwa mhunzi wa kabila la Wadogoni, aliyeshuka kutoka majabalini na kujenga karakana yake pembeni mwa soko la Bembena. Kwa hiyo alikuwa mtani. Utani wa Wabozo na Wadogoni si wa kuchekeana tu. Wanasema zamani za njaa babu wa Wabozo alikata nyama ya paja lake akamlisha Mdogoni, na tangu hapo damu ya mmoja haimwagwi na mwingine. Atakayeimwaga, ukoo wake utakauka. Watatukanana hadharani, watanyang'anyana kofia, lakini mtani akikuomba jambo hukatai, na ombi likishatoka kinywani hakuna wa kulifuta ila yule aliyeomba.

Msibani watani ndio wanaowachekesha wafiwa. Antandu alikuja siku ya tatu, akasimama mlangoni mwa Nuhun, mikono kiunoni.

"Nimekuja kuhakikisha!" akapaza sauti. "Wala samaki hawa ni waongo, hufa nusu ili wapikiwe wali. Lasina yuko wapi? Mtumwa wangu, nani alikupa ruhusa ya kufa? Mtu wa kufa kwa mwiba wa kambale anajitia kufa kwa bunduki kama mwanamume!"

Wazee wakacheka huku wanafuta macho. Hata mjane, ndani, alisikika akicheka na kulia kwa pumzi moja.

"Nyamaza, mla vitunguu!" mzee mmoja akamjibu. "Paja letu bado mnalo tumboni!"

"Na lilikuwa na shombo!"

Nuhun hakucheka. Alimtazama Antandu meno. Hakumtazama macho, na laiti angeyatazama, kwa kuwa waliokaa karibu walisema baadaye kwamba macho ya mhunzi yalikuwa mekundu kama makaa yake. Nuhun aliona meno tu, na kinywa kilichofunguka kucheka juu ya uso ambao yeye mwenyewe aliuosha kwa mikono yake, akitafuta shavu mahali pasipokuwa na shavu tena.

*Ametengeneza mtutu mbovu, amemwua mdogo wangu, na amekuja kumcheka.*

Hivyo ndivyo chuki ilivyoingia. Iliingia kwa miguu yake yenyewe, ikakaa, na Nuhun akaikaribisha.

Asingeweza kumpiga. Asingeweza kumwaga damu ya mtani, ila aliweza kuomba. Wazo hilo lilimjia akiwa kwenye swala, Mungu amsamehe, kati ya rukuu na sijda, nalo lilikuwa limekamilika kama kitu kilichotoka dukani. Arobaini ya Lasina ilikuwa inakuja, na bata wa sadaka wangehitajika. Angemwomba Antandu apige bata wa kwanza kwa mkono wake, kwa gobori alilolitengeneza mwenyewe. Antandu asingeweza kukataa. Chuma chake kingemrudia. Nani angesema Nuhun amemwaga damu?

Antandu alikuwa amekata bomba moja la chuma vipande viwili. Kimoja kilikuwa mtutu wa Lasina, kingine mtutu wa Nuhun. Nuhun akachukua gobori lake hadi kisiwani ambako watu hawaendi ila kukata matete, akalifunga kwenye gogo, akafunga kamba ndefu kwenye kifyatulio, akajilaza nyuma ya kichuguu. Alitaka kujua ni mzigo gani unaoushinda mtutu ule. Mtu aliyetumia maisha yake kutafuta kipimo cha kumwua bata bila kumchana nyama sasa alitafuta kipimo cha kupasua uso.

Alianza na kipimo chake cha kawaida. Mkeka ukajaa vitundu vizuri. Akaongeza nusu. Akaweka viwili kwa viwili. Gogo likatikisika, korongo wakaruka upande wa pili wa maji, moshi mweupe ukatambaa juu ya matete ukinuka kiberiti. Akasafisha mtutu kwa tambara lililoloweshwa, akakausha, akashindilia tena. Vitatu. Kamba zikakatika, kitako kikapata ufa. Akaukagua mtutu kwa kidole, ndani na nje, kama mtu anayemkagua ng'ombe. Haukuvimba wala kuchanika. Akaushindilia mpaka baruti ikawa inatoka haijaungua, inadondoka nyeusi kwenye maji. Mtutu ukakaa.

Lilikuwa bomba zuri. Antandu alikuwa ametengeneza kitu kizuri.

Nuhun alirudi kijijini akamtafuta Bakayna, akamkuta anashona wavu.

"Siku ile Lasina alishindilia kwa kitu gani?"

Bakayna akaacha kushona. "Kwa nini unauliza, kaka?"

"Nijibu."

"Sufi ilikuwa imemwishia. Aliweka majani makavu. Nilimwambia, 'Hayo si ya kulisha mbuzi?' Akacheka, akasema bata hatajua tofauti."

"Na gobori aliliweka vipi mtumbwini?"

"Mdomo chini, pale mbele. Alikuwa anasukuma pondo tangu alfajiri. Kila anaposukuma, linagonga."

Nuhun hakuhitaji zaidi. Kizibo cha majani kililegea, marisau yakateremka kidogo kidogo kuelekea mdomo wa mtutu, na kati yake na baruti pakabaki upenyo. Hapo chuma chochote hupasuka, kiwe cha Antandu au cha Wafaransa. Hapakuwa na mkosaji. Palikuwa na ajali, na amri ya Mungu juu yake.

Mtu angedhani hapo chuki ingeondoka. Haikuondoka. Chuki ikishazoea nyumba haiulizi tena iliitwa kwa ajili gani. Nuhun alilala nayo, akala nayo, akaenda nayo msikitini, ambako imamu Ijumaa ile alizungumza juu ya mtu anayemeza hasira yake kwa ajili ya Mola wake. Nuhun alisikiliza hotuba yote akiwaza upenyo wa kiganja kimoja. Ikiwa upenyo ndio uliomwua Lasina, basi upenyo ndio utakaomwua yule aliyemcheka. Sasa kosa la Antandu lilikuwa kicheko tu, na kicheko kilitosha.

Mkewe Kumba hakuwa mjinga.

"Baba Amadu, unaenda kisiwani kila siku wala hurudi na bata hata mmoja."

"Ninajaribu baruti."

"Baruti gani inayokufanya usinitazame?" Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Ulikuwa unasema Bismillahi ukishika lile gobori hata kwa kulifuta vumbi. Jana nilikaa nyuma yako hapa unashindilia. Sikukusikia."

"Masikio yako yamezeeka."

"Masikio yangu yaliolewa nawe kwa kukusikia ukiadhini. Hayajazeeka kiasi hicho."

Nuhun akatoka.

Alimkuta Antandu sokoni, amezungukwa na watu wanaongoja majembe.

"Mmemwona mtumwa wangu?" Antandu akasema. "Leo amekuja kuoga kwenye moshi wangu, harufu ya samaki imemshinda mkewe."

"Nimekuja kukuomba," Nuhun akasema.

Watu wakanyamaza, wakatabasamu, maana ombi la mtani huwa ni mchezo mkubwa. Antandu akaweka nyundo chini.

"Omba, mla samaki. Ukiomba mke wangu wa kwanza nitakupa na ng'ombe juu yake."

"Arobaini ya Lasina. Nataka bata wa kwanza apigwe na mkono uliotengeneza bunduki. Gobori ni langu, nitalishindilia mwenyewe. Wewe njoo upige tu."

Antandu hakutania. Aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Nitakuja."

Walikutana alfajiri, baada ya swala, mahali pa kujificha palipojengwa kwa matete. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na bata walikuwa wengi, wanajisemea kwa sauti ndogo kama watu walioko ndani ya nyumba nyingine. Nuhun alikuwa amelishindilia gobori kabla ya kuja: baruti, kizibo, upenyo, kizibo tena kilichokaza pembeni kisianguke, marisau, karatasi. Ulimi wake ulitaka kusema lile neno alilolisema maisha yake yote, akaufunga.

"Una uso wa kambale aliyesahauliwa juani," Antandu akanong'ona alipofika, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Shika. Wako karibu."

Mhunzi akalipokea. Na kwa sababu alikuwa mhunzi, mkono wake ukafanya unachofanya mkono wa kila mhunzi akipewa bunduki ya mtu: ukachomoa mdeki, ukauingiza mtutuni ukapime. Kwenye mdeki wa Nuhun palikuwa na alama, mahali ambapo chuma hufika mdomoni mwa mtutu mzigo ukikaa vizuri. Alama ilisimama juu ya mdomo, kiganja kizima.

Antandu akaitazama alama. Akamtazama Nuhun.

"Nuhun," akasema. Hakuwahi kumwita kwa jina lake. "Umeshindilia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ulisema Bismillahi?"

Bata mmoja akapiga mbawa, akatulia.

Antandu akatoa mdeki polepole, akaurudisha mahali pake. Kisha akachukua fataki, kile kikofia cha kuwashia baruti, akaibandika, akavuta nyundo ya bunduki nyuma mpaka ikalia. Akainua kitako, akaweka shavu.

"Unafanya nini?" Nuhun akauliza.

"Umeniomba mbele ya soko zima. Babu yako alimkatia babu yangu nyama ya paja lake. Mimi nitakunyima uso?"

Hiyo ndiyo saa ambayo Nuhun aliilisha siku zote zile. Ilikuwa mbele yake, imeiva, haihitaji hata mkono wake. Aligundua kwamba alikuwa amekwisha rudi nyuma, amejiweka mahali ambapo chuma kisingemfikia. Miguu yake ilikuwa imefanya hivyo bila kumwuliza. Aliona ndevu za mvi zimegusa chuma. Aliona shavu. Lilikuwa shavu zima, lenye kovu dogo la cheche, na alijua hasa litakavyokuwa, maana aliliosha jingine.

"Acha," akasema.

"Siachi. Ombi hulifuta mwombaji."

"Nimesema acha!"

"Hiyo ni amri. Wewe si bwana wangu, wewe ni mtani wangu. Omba."

Jicho la Antandu halikutoka kwenye shabaha, kidole chake kikiwa tayari juu ya kifyatulio, na Nuhun akaona kwamba mtu huyu anaogopa, na kwamba atapiga. Chuki ikakataa. Kumwomba huyu! Yeye aliyekuja kuchukua uhai, sasa apige magoti aombe kama maskini mlangoni! Ilikuwa chungu kuliko kaburi.

Akapiga magoti kwenye tope.

"Nakuomba usipige."

"Unamwomba nani?"

"Nakuomba wewe. Antandu. Mtani wangu. Nakuomba usipige."

Antandu akaishusha nyundo kwa kidole gumba, taratibu sana, akaondoa fataki. Fataki ikamponyoka ikazama. Akaketi kwenye matete.

"Sasa nitukane," akasema, "maana mimi hapa sina tusi."

"Ulimcheka," Nuhun akasema. "Siku ya tatu. Ulimcheka."

"Nilikuja kufanya kazi yangu. Kama na mimi ningelia, nani angewachekesha? Nilipofika kwangu nilimwaga maji kwenye tanuri. Muulize mtu yeyote ni lini moto uliwaka tena." Akafuta pua kwa nyuma ya mkono. "Nilidhani ni mtutu. Usiku na mchana nilidhani ni mtutu wangu."

Nuhun angeweza kunyamaza. Hicho kingekuwa kisasi cha mwisho, kidogo, cha bure, ambacho kingemla mhunzi mpaka kufa. Alikaa nacho mdomoni, akakionja.

"Haukuwa mtutu," akasema. "Nimeujaribu. Ni mzima."

Antandu akafunika uso kwa viganja.

Baadaye alichukua mdeki, akausukuma mzigo kwa nguvu zake zote mpaka ukashuka, akaupiga tena na tena mpaka chuma kikaruka na kulia. Akampa Nuhun gobori. "Piga wewe. Mimi sina mkono." Nuhun akabandika fataki nyingine, akasema Bismillahi kwa sauti, akapiga. Bata wakaanguka pamoja, nao wawili wakaingia majini hadi kiunoni, mmoja akishika mbawa, mwingine akichinja kabla uhai haujatoka. Sadaka ya Lasina ilitosha watu wote.

Isifikiriwe kwamba walitoka pale wakiwa marafiki. Kwa misimu mingi Nuhun alipita njia ya mbali ili asisikie nyundo ya Antandu. Kitu fulani ndani yake kilibaki na njaa, na kwa kuwa hakikuwa tena na mtu wa kumla, kilimla yeye. Alikuwa mkali kwa mkewe, mkali kwa wavu. Alijua hilo, akaomba msamaha kwa Mola wake kila alfajiri, na alfajiri nyingine akaamka nalo. Lilipungua kama Debo linavyopungua wakati wa kiangazi: huoni siku hata moja maji yakiondoka, ila unafika mahali unakuta umesimama kwenye nchi kavu. Aliendelea kuwinda, na kila aliyetaka kujifunza kushindilia alimfundisha mdeki kwanza, kabla ya baruti.

Antandu hakumwambia mtu. Ni Nuhun mwenyewe aliyeyasema haya, alipougua kifua, mbele ya Kumba na imamu, akaomba yasifichwe. Kumba alimshika mkono. "Mimi nilijua nusu," akasema. "Nusu nyingine nilimwachia Mungu."

Nuhun alifariki Ijumaa asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Bakayna na imamu walimwosha, wakamvika sanda. Makaburi yalikuwa yamezungukwa na maji, kwa hiyo walimpeleka kwa mtumbwi, na wengine wakafuata nyuma kwa mitumbwi yao. Antandu, mzee sasa, alikuwa miongoni mwa waliochimba. Imamu aliswalisha. Walimlaza ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, kando ya Lasina. Wakapanga miti juu yake, wakafukia, wakamwagia maji. Imamu akaomba dua, watu wakaitikia amina, kisha wakapanda mitumbwi wakarudi nyumbani.